Chombo cha Udongo katika Ziwa Tanganyika

Masomo: 2 Wakorintho 4:5–7; Matendo ya Mitume 14:8–18; Luka 14:7–11



Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korintho alijifananisha yeye na wenzake na vyombo vya udongo. Hazina waliyokabidhiwa ilikuwa ya thamani kuu, lakini chungu kilichoibeba kilikuwa chungu tu. Kila mama aliyewahi kununua mtungi sokoni anajua maana ya maneno hayo. Mtungi husifiwa kwa sababu ya maji yaliyomo. Ukianguka na kupasuka, vigae hutupwa nyuma ya nyumba na maisha yakaendelea. Hakuna anayeuwekea mtungi matanga.

Napenda leo tutafakari habari ya mtu mmoja ambaye watu walimfinyanga kwa udongo, wakamfanya kama mungu. Si hadithi ya kutunga. Ilitokea katika Ziwa Tanganyika miaka zaidi ya mia iliyopita, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na vitabu kadhaa vimeandikwa juu yake. Mtu huyo alikuwa ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza, jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Sisemi habari zake ili tumcheke, ingawa baadhi zitawachekesha. Nazisema kwa sababu ugonjwa uliompata unatupata sisi pia, hata katika mtaa wetu, hata ndani ya kanisa.

MTU ALIYEACHWA NYUMA

Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingia katika Jeshi la Majini. Wakati ule hapakuwa na jeshi la baharini lililokuwa kubwa kuliko lile, na kijana aliyeingia humo aliota kuwa amiri wa manowari. Lakini miaka ilipita, wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki nyuma.

Makosa yake yalikuwa mengi. Mwaka 1905, katika mazoezi ya kijeshi, alishauri meli mbili zivute kamba kati yao ili kunasa nyambizi, na karibu azamishe nyambizi ya upande wake mwenyewe. Wakati mwingine meli aliyoiongoza iligonga mashua na kuizamisha, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Vita vilipoanza mwaka 1914 alipewa kusimamia kikosi kidogo cha meli za ulinzi kwenye pwani ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba mwaka ule meli moja ya kikosi chake, iliyoitwa Niger, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani mchana, karibu na mji wa Deal. Yeye hakuwa melini. Alikuwa nchi kavu, hotelini. Baada ya hapo alipewa meza na karatasi katika ofisi ya makao makuu.

Hata hivyo ilikuwako kazi moja aliyoifanya vizuri. Kati ya mwaka 1905 na 1908 alipima mto Yangtze huko China, na tangu mwaka 1911 hadi 1914 alipima mto Gambia katika Afrika ya Magharibi. Mpimaji hushusha kamba majini, husoma kina, huandika. Husogea hatua chache, hushusha tena. Hapigiwi ngoma. Lakini nahodha atakayepita baada yake usiku hatapanda mwamba, kwa sababu kuna mtu aliyetangulia akapima. Naomba mlishike jambo hili, maana tutalirudia.

Yeye mwenyewe hakupenda kujulikana kwa kazi hiyo. Alipenda kusimulia jinsi alivyowinda wanyama wakali, na jinsi alivyookoa hali pale wakubwa wake waliposhindwa. Inasimuliwa kwamba hata sigara zake zilitengenezwa kwa kuandikwa jina lake. Waliomsikiliza walitazamana. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

MASHUA MBILI JUU YA MILIMA

Mwaka 1915 Ziwa Tanganyika lilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Walikuwa na meli za kivita zilizoitwa Hedwig von Wissmann na Kingani, na huko Kigoma walikuwa wameunda meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku na kupandishwa kwa reli kutoka Dar es Salaam. Mwindaji mmoja, John Lee, alikwenda London akatoa shauri: zichukuliwe mashua ndogo za injini, zipelekwe kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kwa miguu kupitia Kongo, zishushwe ziwani. Wakubwa walikubali. Walipotafuta ofisa wa kuongoza safari hiyo ya ajabu, mabaharia waliokuwa bora walikuwa na kazi nyingine. Akatokea Spicer-Simson mezani pake.

Mashua zilikuwa mbili, kila moja ya futi 40, yaani mita 12 tu. Yeye alitaka ziitwe Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa walikataa, akaziita Mimi na Toutou. Kikosi kiliondoka Uingereza mwezi wa Juni 1915, watu wapatao 28. Kutoka Cape Town mashua zilipakiwa juu ya garimoshi hadi Elisabethville (siku hizi Lubumbashi), na mbele kidogo hadi Fungurume. Hapo reli ilikwisha.

Ndugu zangu, hapa nawaomba tusimame kidogo. Kutoka Fungurume hadi reli nyingine huko Sankisia ni maili zipatazo 146, na katikati iko milima ya Mitumba. Hapakuwa na barabara. Mamia ya wanaume wa nchi ile walikata miti, wakachimba mawe, wakajenga madaraja yapatayo 150 juu ya vijito na makorongo. Matrekta mawili ya mvuke yalivuta mashua. Yaliposhindwa maksai walifungwa. Maksai waliposhindwa watu walivuta kwa kamba. Tena trekta la mvuke lisipopata maji halitembei, na ilikuwa wakati wa kiangazi. Ndipo wanawake wa vijiji vya huko waliteka maji mbali wakayabeba kichwani, mtungi baada ya mtungi, ili injini za wageni zinywe.

Kazi hiyo ilichukua wiki sita hivi. Tarehe 26 Oktoba 1915 mashua zilifika ufuoni mwa ziwa, mahali panapoitwa sasa Kalemie. Katika vitabu mtakuta majina ya maofisa, na hata majina ya mashua. Jina la mwanamke hata mmoja kati ya wale waliobeba maji hamtalikuta. Na John Lee, mwenye shauri, aliyetangulia kuitafuta njia, aliondolewa katika safari kabla mashua hazijafika ziwani. Utukufu ulikuwa haujafika bado, lakini mahali pake palikuwa pamekwisha kufagiliwa ili akae mtu mmoja tu.

SIKUKUU YA MTAKATIFU STEFANO

Mashua zilishushwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1915, siku ya Jumapili, Spicer-Simson alikuwa akiongoza sala mbele ya watu wake ilipoonekana Kingani ikija. Sala ilimalizika, wakaingia mashuani. Vita vyenyewe vilikuwa vifupi, dakika kama kumi na moja. Nahodha wa Kingani na baadhi ya watu wake waliuawa, meli ikatekwa, ikapewa jina jipya, Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 walikutana na Hedwig von Wissmann wakaizamisha.

Sisi Waanglikana tunajua tarehe 26 Desemba ni siku ya nani. Ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza, aliyepiga magoti akawaombea msamaha waliokuwa wakimpiga mawe. Waliokuwa katika meli ile, na waliokuwa katika mashua zile, jana yake ilikuwa Krismasi kwao wote. Sitaki mtu yeyote adhani nasema kwamba vita vile vilikuwa kazi ya Mungu. Wafalme wa Ulaya waligombana, na ugomvi wao ukaletwa juu ya vichwa vya watu wa Kigoma, wa Ujiji, wa Kasanga na wa Kongo ambao hawakuulizwa. Wapagazi wa Afrika ya Mashariki waliokufa katika vita vile ni makumi ya maelfu. Tukisoma habari za ushujaa, tukumbuke pia makaburi yasiyo na alama.

SANAMU

Basi yule aliyechekwa kule London sasa alikuwa mshindi. Alipandishwa cheo kuwa kamanda, na salamu za pongezi zilitoka kwa Mfalme mwenyewe. Watu wa ziwani nao walimshangaa. Alivaa sketi ya kaki badala ya suruali. Mwili wake ulikuwa umechanjwa picha za nyoka. Inasimuliwa kwamba alioga hadharani kwa taratibu kama za ibada, na watu walikuja kutazama. Walimpa jina, Bwana Chifungatumbo, kwa ajili ya ile nguo aliyojifunga. Na Waholoholo wa upande ule, walipoona meli ya Wajerumani imetekwa na mashua iliyovuka milima, walimfinyanga kwa udongo. Sanamu zake ndogo ziliwekwa ziheshimiwe.

Tusiwacheke Waholoholo. Watu wa Listra, waliokuwa na mahekalu ya mawe na mashairi ya zamani, walifanya vivyo hivyo. Paulo alipomponya kiwete, walitangaza kwamba miungu imeshuka; Barnaba wakampa jina la mungu mkuu, na Paulo jina la mungu msemaji. Kuhani akaleta ng'ombe na mashada ya maua. Kosa la umati ni lile lile popote: huona kazi kubwa, huisujudia ngozi ya aliyeifanya.

Lakini tazameni Mitume walivyofanya. Hawakusema, "Acheni tu, wanatuheshimu, itasaidia Injili." Hawakusema, "Ni desturi ya hapa." Walirarua mavazi yao, wakarukia katikati ya watu wakipiga kelele kwamba wao ni wanadamu kama wao. Ilikuwa kazi ngumu kuwazuia. Halafu someni mstari unaofuata, wa 19: watu wale wale waligeuzwa na wachochezi, wakampiga Paulo mawe. Shangwe ya asubuhi na mawe ya jioni vilitoka katika mikono ile ile. Ndiyo maana mtu mwenye hekima hajengi nyumba yake juu ya shangwe.

Spicer-Simson hakurarua kitu. Sifa zilimwenea mwilini kama joto la moto wakati wa baridi, naye alikuwa amekaa nje barazani miaka mingi. Hapo ndipo tunapoweza kumwelewa na kumhurumia. Mtu aliyedharauliwa sana ana njaa ya sifa, na mwenye njaa hachagui chakula.

MIZINGA YA MITI

Siku moja tu baada ya Hedwig kuzama, meli kubwa Götzen ilipita ikionekana wazi. Watu wa Spicer-Simson walitaka kutoka. Yeye alikataa. Pengine ilikuwa busara, maana Götzen ilikuwa na nguvu kuliko vyombo vyake vyote. Lakini tangu siku ile mtu yule aliyevuka milima alianza kuwa mwingine. Aliondoka, akasafiri mbali kutafuta chombo kikubwa zaidi, na miezi ikapita.

Mwezi wa Juni 1916 alitumwa kusini mwa ziwa, mpaka Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yakija kwa nchi kavu, naye alitakiwa kuziba njia ya majini. Alilitazama boma, akaona mizinga imeelekezwa ziwani. Akageuza, akaenda zake Kituta. Usiku Wajerumani walipanda majahazi wakaponyoka. Boma lilipoingiwa, mizinga ile ilikutwa ni magogo ya miti yaliyochongwa ili kudanganya.

Ndugu zangu, mtu huyo hakuwa mwoga alipoanza safari. Mwoga havuki Mitumba na mashua mbili, wala hatoki na mashua ya mita 12 kwenda kuitafuta manowari. Ni nini basi kilichomtisha magogoni? Mimi naona hivi: mtu akiisha kuwa na sanamu yake, hupata kitu kipya cha kuogopa, yaani isivunjike. Zamani hakuwa na la kupoteza isipokuwa uhai wake. Sasa alikuwa na jina. Mwenye jina la kulinda huyaona magogo kuwa mizinga.

Wahenga wetu walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumsema mtu anayevimba kichwa. Lakini ina maana nyingine pia. Mgema aliyesifiwa huanza kuogopa mnazi mrefu. Anajiuliza, "Nikianguka leo, watasema nini?" Basi hubaki chini, na kibuyu hujazwa maji.

TUJITAZAME

Je, jambo hili liko mbali nasi? Naogopa liko karibu sana.

Liko kwa mwimbaji wa kwaya ambaye mwaka wa kwanza aliimba kwa sababu alimpenda Bwana, na mwaka wa tano hawezi kuvumilia mwingine apewe sauti ya kuongoza. Liko kwa mzee wa kanisa aliyejenga darasa la Jumapili kwa jasho lake, na sasa hakubali funguo zishikwe na kijana. Liko kwa mwenyekiti wa kamati asiyeitisha mkutano, kwa sababu mkutano utauliza hesabu. Hesabu zenyewe huenda ni safi! Lakini ameogopa magogo. Liko kwa baba asiyeweza kumwambia mtoto wake, "Nilikukosea," kwa kuwa anadhani heshima ya nyumba itaporomoka. Nalo liko hasa kwetu sisi makasisi na makatekista, ambao kila Jumapili hushikwa mkono mlangoni na kuambiwa kwamba mahubiri yalikuwa mazuri. Herode, katika sura ya 12 ya Matendo, aliambiwa sauti yake ni ya mungu. Hakukataa, wala hakumpa Mungu utukufu, na mwisho wake mnaujua.

Tena liko kwa sisi waumini tunaofinyanga. Mara nyingi kiongozi hakujitengenezea sanamu, tulimtengenezea sisi. Tunampa kiti kirefu, tunamwimbia nyimbo zenye jina lake, tunamnyamazia anapopotoka. Halafu sanamu ikipata ufa tunashangaa na kuokota mawe. Kumpenda kiongozi ni kumwombea, na kumwambia kweli kwa heshima. Yeye ni chungu. Mkimsaidia akumbuke kwamba ni chungu, mnamlinda asivunjike.

Na wale akina mama wa Mitumba? Katika arusi ya Kana, anasema Yohana katika sura ya pili, mkuu wa meza hakujua divai ilikotoka. Lakini watumishi walioteka maji walijua. Mungu ana desturi hiyo. Siri zake huwapa wabeba maji. Katika mtaa wetu wako wanaofagia kanisa Jumamosi jioni, wanaofua nguo za madhabahu, wanaokwenda na Umoja wa Mama kumwosha mgonjwa asiye na ndugu. Majina yao hayasomwi katika matangazo. Ninyi mnaofanya hayo, msichoke. Bila maji yenu trekta halitembei. Na ninyi mnaosomwa katika matangazo, kabla ya kupokea makofi jiulizeni, "Ni nani aliyenibebea maji?" Nendeni mkamshukuru kwa jina lake.

KAZI ISIYO NA SHANGWE

Habari ya Spicer-Simson haikuishia Kasanga, na tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kama umati wa Listra. Alirudishwa Uingereza mwaka ule wa 1916 akiwa mgonjwa wa mwili na wa akili. Alipewa nishani kwa ushindi wake, lakini hakupewa tena kuongoza meli vitani. Kwa hesabu za watu, huyo alikuwa amekwisha.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alijua sana Kifaransa, akatumika kama mjumbe wa Jeshi la Majini na mkalimani katika mkutano wa amani wa Versailles mwaka 1919. Na mwaka 1921 mataifa yaliyokuwa yakipigana yalipounda ofisi moja ya kushirikiana katika upimaji wa bahari, huko Monaco, yeye alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1937. Miaka kumi na sita! Kazi yenyewe ilikuwa kuyafanya mataifa yapatane juu ya ramani za bahari na alama zake, ili baharia wa nchi yoyote ajue penye kina na penye mwamba. Alifariki mwaka 1947 huko Kanada.

Mnaona? Alirudi kwenye kamba ya mpimaji. Kazi ile ya Yangtze na Gambia, aliyoifanya vizuri wakati hakuna aliyemtazama, ndiyo iliyomngoja mwisho wa barabara. Katika ziwa alikaa miezi michache, akafinyangwa sanamu. Kule Monaco alikaa miaka kumi na sita, na sijasikia kwamba kuna aliyemfinyanga. Lakini pimeni wenyewe ni kipi kilichookoa watu wengi zaidi: mizinga ya Mimi na Toutou, au ramani inayomwambia nahodha, "Usipite hapa, pana mwamba."

Moyo wa mtu aujuaye ni Mungu, nami simpi ndugu yule taji nisilokabidhiwa kuligawa. Nasema tu kwamba mlango wa utumishi haufungwi na aibu. Petro alimkana Bwana karibu na moto wa makaa, mbele ya kijakazi. Baadaye, kando ya ziwa, penye moto mwingine wa makaa, Bwana hakumwuliza kama bado ni shujaa. Alimwuliza kama anampenda. Kisha akampa kazi ya mchungaji: kulisha. Kulisha kondoo hakuna shangwe. Kondoo hawapigi makofi.

Labda wewe unayesoma ukurasa huu ni mtu wa Kasanga. Uligeuza mtumbwi pale ulipotazamiwa usimame. Cheo kilikutoka, ndoa ilitikisika, fedha za chama zilipotea ukiwa mweka hazina, na tangu hapo unaingia kanisani kwa mlango wa nyuma na kutoka kabla ya baraka. Ndugu yangu, dada yangu, sanamu ndiyo iliyovunjika. Wewe hukuumbwa na watu wa mtaa; uliumbwa na Mungu, na Mungu ni mfinyanzi asiyetupa udongo. Nabii Yeremia alimwona nyumbani mwa mfinyanzi: chombo kilipoharibika mkononi, aliukusanya udongo ule ule akakifanya upya. Njoo kwa kasisi wako, ungama, pokea maneno ya msamaha, rudi mezani pa Bwana. Halafu omba kazi ndogo.

Hata ile meli kubwa ina neno la kutuambia. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipoona hawawezi kuishika Kigoma waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwa uangalifu. Ilikaa chini ya maji miaka. Mwaka 1924 iliinuliwa, na mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba. Meli iliyoundwa kwa ajili ya vita ikabeba mahindi na dagaa, wafanya biashara na wanafunzi, na mwaka 1997 ilibeba wakimbizi. Haikuinuliwa ili ipigane. Iliinuliwa ili ibebe watu. Hivyo ndivyo Kristo anavyowainua walio wake.

Basi wiki hii, kila mmoja wetu afanye mambo matatu. Kwanza, ataje mbele za Mungu sanamu moja anayoilinda, yake au ya mtu mwingine. Pili, amtafute mbeba maji mmoja, amshukuru. Tatu, achague kazi moja ambayo hakuna atakayeiona, aifanye vizuri hadi mwisho. Kwa maana alivyofundisha Bwana wetu pale karamuni, anayejiinua atashushwa, na anayejishusha atainuliwa. Yeye mwenyewe alichukua beseni na taulo, akaosha miguu, akaenda msalabani kati ya wanyang'anyi; na Mungu alimwinua kuliko wote.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyetufinyanga kwa mavumbi ya nchi na kututia pumzi yako: utuokoe na njaa ya sifa na hofu ya kudharauliwa. Uwakumbuke wote waliobeba mizigo ya wengine wakafa bila majina, nao wanajulikana kwako. Uwape viongozi wa Kanisa lako na wa taifa letu moyo wa mtumishi. Uwainue walioanguka, uwape kazi ya kufanya katika shamba lako. Na hazina uliyotia ndani yetu ionekane kuwa yako, wala si yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema na iwe nanyi nyote.